Kabla Nondo Hazijachomoza: Kusoma Mradi wa Nyumba kwa Kanuni za Jiji la Dodoma

Tangazo lilikuwa karatasi moja ya kawaida, imepigiliwa misumari miwili kwenye kibao cha mbao pembeni mwa njia ya miguu. Upepo wa Agosti ulikuwa umeshaila kona moja. Lilisema mmiliki wa kiwanja anaomba kubadilisha matumizi, kutoka makazi ya kawaida kwenda makazi ya maghorofa pamoja na biashara, na kwamba mwenye pingamizi alipeleke kwa maandishi ofisi ya jiji kabla ya tarehe iliyotajwa. Watu tulipita. Bodaboda waliegesha hapo hapo wakisubiri abiria. Wiki ya pili kibao kikalala chini, mbuzi wakamalizia karatasi.

Miezi kadhaa baadaye, nondo zilipochomoza, ndipo mtaa ukaitishwa mkutano chini ya mwarobaini wa ofisi ya serikali ya mtaa.

"Mwenyekiti, hilo jengo ghorofa ngapi?" akauliza mzee mmoja, jirani wa nyuma ya kiwanja.

"Tumeambiwa sita, mzee wangu."

"Sita! Si wataona mpaka ndani ya sufuria zangu?"

Tulicheka, na mkutano mzima ukaishia hapo hapo kwenye ghorofa. Hakuna aliyeuliza kiwanja kimeandikwa matumizi gani. Hakuna aliyeuliza majitaka ya watu wote hao yatakwenda wapi, wala kama korongo lililo nyuma ya kiwanja limeonyeshwa kwenye mchoro. Mimi mwenyewe sikuuliza, na wakati huo nilijiona mjuzi.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuzisoma karatasi za miradi, kwa kuuliza maofisa wenye subira na kwa kukosea. Nililoondoka nalo ni hili: kibali cha ujenzi, ambacho ndicho watu hukigombania, ni karatasi ya mwisho katika foleni. Uamuzi mzito huwa umeshapita karatasi mbili au tatu nyuma yake. Anayekuja kupinga kwenye kibali amekuta chakula kimeshapakuliwa.

Foleni ya karatasi

Juu kabisa kuna mpango kabambe. Huu ni picha ya jiji zima kwa miaka ishirini hivi: wapi watu wakae, wapi viwanda, wapi barabara kuu, wapi pabaki miti na milima. Dodoma ina historia ndefu ya mipango ya namna hii kuliko miji mingi ya nchi hii. Mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie hapa, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile tuliyozoea kuiita CDA, na mwaka 1976 ukatoka mpango kabambe wa kwanza, uliochorwa na kampuni ya washauri kutoka Toronto, Kanada. Walichora mji wa majengo mafupi unaokaa kati ya vilima bila kuvipanda, wenye mikanda ya kijani, ambao mtu anatembea kwa miguu au anapanda basi. Ukipita leo maeneo ya zamani yaliyopangwa na CDA, bado unayaona mawazo hayo kwenye upana wa barabara na kwenye vipande vya ardhi vilivyoachwa wazi, ingawa vingine vimeshapata ukuta na geti.

Mpango ule ulipitiwa upya zaidi ya mara moja, na unaotumika sasa ni wa 2019 hadi 2039. Ulihitajika haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa manispaa. Ya 2022 ikakuta 765,179 katika jiji. Wizara zilihamia, vyuo vikapanuka, Mji wa Serikali ukaota Mtumba, na reli mpya ya umeme ikaileta Dar es Salaam karibu. Kwa idadi hiyo, maghorofa hayaepukiki. Nalisema mapema ili nisieleweke kama mtu wa kupinga kila tofali: mji unaokataa kwenda juu utakwenda pembeni, utakula mashamba ya Nala na Ihumwa, na mabomba ya maji yatalazimika kuufuata huko kwa gharama ya kila mlipa bili.

Chini ya mpango kabambe kuna mchoro wa mipango miji wa eneo. Huu ndio unaogawa viwanja kimoja kimoja, na kila kimoja kinapewa rangi na matumizi. Ofisini mara nyingi watautaja kwa herufi mbili tu, TP. Ukiidhinishwa hupewa namba, na namba hiyo ndiyo ufunguo wako; ukienda ofisini bila namba ya mchoro, bila kitalu wala namba ya kiwanja, utazungushwa siku nzima na hakuna atakayekuwa amekukosea. Halafu unakuja upimaji, zile bikoni za zege zenye namba ambazo watoto hupenda kuzikalia. Halafu hatimiliki yenye masharti yake. Na mwisho kabisa, kibali cha ujenzi.

Kila karatasi katika foleni hii inafungwa na iliyo juu yake. Hati haiwezi kuruhusu kisichomo kwenye mchoro, na kibali hakiwezi kuruhusu kisichomo kwenye hati. Kwa hiyo mwendelezaji anayetaka kujenga kitu tofauti hana haja ya kuhangaika na kibali kwanza. Anakwenda kubadilisha karatasi ya juu, na akifanikiwa, zilizobaki zinafuata zenyewe.

Sentensi moja kwenye hati

Watu wengi wenye hati hawajawahi kusoma ukurasa wa masharti. Wanaitazama picha ya kiwanja, wanaangalia jina kama limeandikwa sawa, wanaifungia kabatini. Lakini huko ndani kuna sentensi inayosema ardhi hii itatumika kwa nini, na mara nyingi inataja kundi la matumizi kwa herufi kubwa na madaraja yake kwa herufi ndogo. Herufi hizo hazikuwekwa kwa mapambo. Zinarejea kanuni zinazotenganisha nyumba ya makazi, duka, karakana, hoteli na kadhalika. Kiwanja kilichoandikwa makazi pekee si sawa na kilichoandikwa makazi na biashara, hata kama vinatazamana barabarani na vina ukubwa ule ule.

Kwa Dodoma kuna ugumu wa ziada. Zamani CDA ndiyo iliyoshika ardhi yote ya makao makuu kwa hati moja ya miaka 99, nayo ikawapangisha wananchi kwa miaka 33. Ilipovunjwa Mei 2017 na majukumu yake kupelekwa kwa halmashauri, ambayo Aprili 2018 ikawa ya jiji, wenye viwanja walianza kubadilishiwa karatasi zao ziwe hati za miaka 99. Kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa na jirani mwenye karatasi ya zamani na jirani mwenye mpya. Unapoambiwa "hati inaruhusu," uliza hati ipi, ya lini, na masharti yake yanasemaje. Swali dogo, lakini nimeona likimfanya mtu mzima aanze kupekua mkoba wake upya.

Kuna neno lingine linalopoteza watu: ujazo. Viwanja vya makazi hugawanywa kuwa vya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Mtu akisikia "ujazo mkubwa" anadhani ni kiwanja kikubwa, anafurahi. Ni kinyume chake. Kinachojaa ni watu. Ujazo mkubwa ni viwanja vidogo vilivyobanana. Ujazo mdogo ni viwanja vipana vyenye nyumba chache. Mgawanyo huu una babu yake, na babu huyo hakuwa mtu mwema. Wakati wa ukoloni miji yetu iligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na sheria za ujenzi zikatenga upana wa viwanja kwa rangi ya mtu. Baada ya uhuru rangi zikaondolewa kwenye maneno, ikabaki hesabu ya ujazo. Ndiyo maana hata sasa hoja ya "kulinda hadhi ya eneo" hunifanya nisikilize kwa sikio la pili. Wakati mwingine anayesema hivyo analinda mifereji na mwanga. Wakati mwingine anataka tu wapangaji wasije karibu naye.

Tuupime mradi wa mfano

Tuchukue mradi wa kubuni ili tuone hesabu inavyofanya kazi. Kiwanja kina upana wa mita 80 na kina cha mita 100, yaani mita za mraba 8,000. Mwendelezaji anataka kujenga majengo manne, kila moja la ngazi sita, yaani sakafu sita, tukihesabu na ya chini. Kila ngazi ina nyumba nne, basi jengo moja lina nyumba 24 na mradi mzima nyumba 96. Kila ngazi inachukua mita za mraba 420 pamoja na ngazi za kupandia na ukumbi.

Swali la kwanza la afisa mipango miji ni kiasi gani cha ardhi kinafunikwa. Majengo manne mara 420 ni mita 1,680. Hiyo ni asilimia 21 ya kiwanja. Inasikika ndogo mno, na mwendelezaji ataitaja namba hii mara tatu kabla ya soda kufunguliwa: "Tunaacha karibu asilimia 80 wazi!" Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Swali la pili ni jumla ya sakafu zote: 420 mara ngazi sita mara majengo manne, mita 10,080. Ukigawanya kwa 8,000 unapata 1.26. Maana yake, ukizitandaza sakafu zote chini zinakifunika kiwanja kizima na robo ya kingine. Namba hii ya pili, uwiano wa sakafu, ndiyo inayosema watu wangapi watakaa pale, magari mangapi, maji kiasi gani. Kanuni huweka kikomo kwa zote mbili, kulingana na eneo na aina ya matumizi, na mradi unaweza kufaulu ya kwanza kwa raha huku ukianguka ya pili.

Na ule uwazi wa asilimia 79 una wenyewe. Nyumba 96, tuseme gari moja kila nyumba. Gari likisimama linakula kama mita za mraba 12 na nusu, lakini linahitaji nafasi ya kuingia na kugeuza, kwa hiyo wabunifu hukadiria 25 hivi. Mara 96 ni mita 2,400, asilimia 30 ya kiwanja. Toa nafasi ya kuacha kati ya jengo na mpaka: ukiacha mita tano tu kuzunguka pande zote, unabakiwa na eneo la ndani la mita 70 kwa 90. Toa njia ya gari la zimamoto, ambalo haliwezi kukunja kona kama bajaji. Toa mahali pa taka, tangi la maji, transfoma. Kinachobaki ndicho cha watoto kuchezea. Ukiitazama ramani ya mradi na ukaona uwanja wa watoto umechorwa juu ya mashimo ya majitaka, ujue hesabu ilikataa, kalamu ikalazimisha.

Zile mita za pembeni nazo zina sababu zake. Jua la Dodoma linachoma lakini usiku wa Juni na Julai ni wa kujifunika blanketi, na upepo wa hapa si wa mchezo. Majengo yakibanana, la nyuma linakosa hewa na la mbele linapokea vumbi lote. Moto nao ukitoka dirishani unahitaji umbali usije ukaruka. Lalamiko la mzee wa sufuria, ambalo tulilicheka, lina nafasi yake halali humu: madirisha na baraza zikitazama ua wa jirani kutoka umbali mfupi, afisa anaweza kumtaka msanifu azigeuze. Lakini lazima lisemwe kwa lugha ya umbali na mwelekeo. "Wanatuchungulia" haliingii kwenye fomu.

Juu ya urefu wenyewe nitapita haraka, maana ndio unaozungumzwa kuliko yote na mara nyingi ndio rahisi kuliko yote. Uwanja wa ndege wa zamani uko katikati ya mji, na kwa majengo yaliyo chini ya njia za ndege mamlaka ya usafiri wa anga ina neno lake. Ni sababu moja ya kujenga uwanja mpya Msalato. Kwingineko, mchoro na masharti ya eneo husema mwisho ni ngazi ngapi. Unahesabu, basi.

Maji yanayoingia na yanayotoka

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo miradi mingi inapoponea kwenye karatasi na kuangukia kwenye maisha.

Nyumba 96 zenye watu wanne wanne ni watu 384. Tukadirie lita 100 kwa mtu kwa siku, makadirio ya kawaida tu kwa nyumba yenye bomba ndani na choo cha kuvuta. Ni lita 38,400 kila siku. Dodoma ni nusu jangwa. Mvua yake ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Maji ya mji huu kwa miongo mingi yametegemea visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Anayeishi hapa haulizi kama kuna mgao. Anauliza leo ni zamu ya nani. Kwa hiyo barua ya mamlaka ya maji kwamba mradi utaunganishwa isichukuliwe kama mhuri wa heshima tu. Iulizwe: bomba la mtaa ni la kipenyo gani, na mradi ukianza kuvuta, nyumba za mwisho wa laini zitabaki na nini?

Hayo ni yanayoingia. Tukikadiria kwamba asilimia 80 ya maji hayo yanatoka kama majitaka, ni lita zaidi ya 30,000 kwa siku. Kama mtaa una bomba la majitaka linaloelekea kwenye mabwawa ya Swaswa, suala linabaki kuwa la uwezo wa bomba. Lakini mitaa mingi ya Dodoma haina bomba hilo; ina mashimo. Gari la kunyonya lenye tangi la lita 10,000 litahitajika safari tatu na zaidi kila siku, Jumapili na sikukuu zote, milele. Nani atalilipa? Wiki ya kwanza atalipa mwendelezaji. Mwaka wa tatu, nyumba zikishauzwa moja moja chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, atatakiwa kulipa umoja wa wamiliki, ambao mwenyekiti wake anaishi Mwanza na mweka hazina hapokei simu. Udongo wa mfinyanzi uliopo maeneo mengi ya bondeni hapa haunywi maji upesi, kwa hiyo shimo la kunywea halitaokoa. Siku shimo likijaa, maji yatafuata mteremko. Mteremko unakwenda kwenye korongo.

Na korongo ndilo jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaamua miradi ya Dodoma kuliko ghorofa. Jina lenyewe la mji, kwa masimulizi ya Wagogo, linatokana na Idodomya, mahali tembo alipozama. Wazee walitupa onyo kwenye jina na sisi tukaliandika kwenye vibao vya barabarani. Makorongo yetu hulala makavu miezi saba au minane. Watu wanachota mchanga humo, vijana wanacheza mpira. Halafu inakuja siku moja ya Januari, mvua inanyesha vilimani ambako huioni, na baada ya saa moja unasikia mngurumo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa, ziwa au bahari. Rudi sasa kwenye kiwanja chetu cha mfano. Kama mto unapita mpaka wa nyuma, mita 60 kati ya 100 za kina cha kiwanja hazijengwi. Inabaki mita 40 kwa 80, yaani mita za mraba 3,200. Majengo manne pamoja na maegesho yake hayaingii, na mradi umebadilika kabisa bila mtu kutamka neno ghorofa.

Ndiyo maana mabishano yatakuwa makali kwenye neno moja. Mwendelezaji atasema: huu si mto, ni korongo, njoo Septemba uone kama utapata hata kikombe. Majirani watasema: njoo Januari. Afisa mazingira atataka vipimo, yaani upana wa eneo linalofurika na alama za maji kwenye kingo. Ushahidi wa majirani una thamani kubwa hapa kuliko mahali pengine popote kwenye mchakato, maana mtaalamu amekuja siku moja na wewe umekaa miaka ishirini. Picha ya simu yenye tarehe, inayoonyesha maji yamefika kwenye nguzo gani ya umeme, ina uzito kuliko hotuba tano. Kwa miradi mikubwa inayotakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, washauri wanatakiwa kuwauliza wananchi. Wakija na karatasi ya mahudhurio, usisaini mahudhurio tu ukaondoka. Sema ulichokiona, hakikisha kimeandikwa.

Barabara nitaitaja kwa ufupi. Kama kiwanja kinapakana na barabara kuu, ile ya Morogoro au Singida au Iringa kwa mfano, sheria ya barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara, yaani ukanda usiojengwa, kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Duka lililojengwa kwa kuhesabu mita za zamani linaweza kupigwa alama nyekundu ya X likiwa na kibali mkononi. Barabara za mtaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na swali la kuuliza ni rahisi: magari 96 yatatokea wapi saa moja asubuhi?

Pingamizi linakaa wapi

Sasa turudi kwenye kile kibao kilicholiwa na mbuzi. Kubadilisha matumizi ya kiwanja kuna hatua zake: maombi, tangazo kwenye eneo lenyewe na gazetini, maoni ya majirani na serikali ya mtaa, ukaguzi wa wataalamu, halafu Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya baraza la madiwani, na kisha mamlaka za ardhi zinazothibitisha mabadiliko kwenye mchoro na hati. Muda wa majirani ni ule wa tangazo. Ni mfupi, na hauongezwi kwa sababu karatasi ilipeperushwa.

Baada ya hapo, michoro inapoingia kwa ajili ya kibali, siku hizi kwa mfumo wa mtandaoni, mapitio yanakuwa ya kiufundi: msanifu na mhandisi wamesajiliwa na bodi zao? Nguzo zinabeba? Ngazi za dharura zipo? Zimamoto wameridhika? Afisa afya ameridhika na vyoo? Ni maswali muhimu sana, yanaokoa roho za watu. Ila swali la kama maghorofa yawe pale au yasiwe halimo tena. Limeshajibiwa.

Unaweza kwenda mahakamani, lakini sikiliza hesabu yake. Kuishtaki halmashauri kunahitaji kwanza notisi ya siku 90. Katika siku 90 fundi mwenye zege la kutosha anamwaga slabu tatu. Ipo njia ya kuomba zuio la muda wakati notisi inahesabiwa, ila inataka wakili, na wakili anataka fedha. Na jaji naye, akikuta jengo limeshafika kwenye kenchi, atapima hasara ya kulibomoa.

Kwa hiyo barua iandikwe mapema, na iandikwe vizuri. Nimesoma barua nyingi za pingamizi, nyingine nimeziandika mwenyewe, na zilizo dhaifu hufanana: kurasa tatu za hasira, sahihi hamsini, hakuna hata namba ya kiwanja. Barua inayosomwa ni ya ukurasa mmoja. Inataja kitalu na namba, inataja namba ya mchoro, inanukuu matumizi yaliyoandikwa, halafu inaweka hoja mbili au tatu zinazopimika: korongo liko mita ngapi kutoka mpakani, bomba la majitaka lipo au halipo, uwiano wa sakafu umezidi kiasi gani. Haitukani mtu. Inaweza hata kusema majirani hawapingi maghorofa, wanaomba yawe ya ngazi nne na yasogezwe mbele. Ombi la namna hiyo huwa rahisi kwa kamati kulikubali kuliko "hatutaki," na diwani anapata cha kusimamia.

Mzee wa sufuria aliniita mwaka uliofuata. Kibao kingine kilikuwa kimesimamishwa, kiwanja cha tatu kutoka kwake. Safari hii alikuwa ameshakipiga picha, na tarehe ya mwisho ameiandika kwa chaki mlangoni.

"Sasa mwanangu, hii barua tunaipeleka kwa nani?"

Kwa Mkurugenzi wa Jiji, nikamwambia, nakala ofisi ya mtaa na kwa mtendaji wa kata. Tuchukue nakala yetu ya kubaki nayo, na tusiondoke dirishani mpaka igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe.

Akavaa koti lake la sikukuu. Tukapanda daladala ya saa mbili.